Kazi ya nyama na jibini ndani ya sufuria, na nani wa kuifanya badala yake

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Ni mwaka mmoja sasa tangu mimi na watu wa nyumbani kwangu tuache nyama, maziwa na mayai. Saladi, maharagwe na mboga za kila siku hazitusumbui. Tunachokikosa ni vile vyakula vya faraja ambavyo mtu huvitafuta akiwa amechoka au ana huzuni: mchuzi mzito wa nyama, makaroni ya jibini yaliyookwa, viazi vya kuponda, keki. Nimeweka tofu mahali pa nyama na maziwa ya lozi mahali pa krimu, na kwa macho chakula kinafanana na cha zamani, lakini watu wanakibakiza sahanini. Ninakosea wapi?"

Mpendwa msomaji,

Nadhani kosa limejificha ndani ya maneno yako mwenyewe, katika lile "mahali pa". Umetoa kitu kimoja ukaweka kingine kinachokaribiana nacho kwa umbo au rangi, lakini hukuuliza kile kilichotoka kilikuwa kinafanya kazi gani. Nyama inayochemka polepole kwa saa tatu haikai tu ndani ya mchuzi ikisubiri kutafunwa. Inautia mchuzi ladha ile nzito inayobaki ulimini, inaupa rangi na harufu ya kukaangwa, inauachia mafuta yanayobeba harufu za viungo, inaufanya uwe mzito wa kunata midomoni, na ni baada ya hayo yote ndipo inapotafunwa. Kipande cha tofu kilichotoswa katika mchuzi huohuo kinafanya ile kazi ya mwisho peke yake, tena kwa udhaifu. Kazi nne nyingine zimebaki bila mwenyewe, na ulimi unalihisi pengo hilo hata kama mlaji hawezi kulitaja.

Kwa hiyo nitakujibu kwa kufuata kazi hizo, wala sitakupa orodha ya vibadala. Nitakaa zaidi kwenye mchuzi, kwa sababu anayeumudu mchuzi bila nyama huwa ameshajifunza sehemu kubwa ya yale anayohitaji kwingine.

Tuanze na ladha. Mwaka 1908 mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda aliichunguza supu ya mwani wa kombu, akagundua kwamba utamu wake wa pekee, usio wa sukari wala wa chumvi, unatokana na glutameti, yaani chumvi ya mojawapo ya asidi zinazojenga protini, akaupa jina la umami. Naliona jambo hili kuwa la kutia moyo sana: ladha ambayo wengi wetu huiita ladha ya nyama ilitambuliwa kwanza katika mwani. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Shintaro Kodama aliipata inosineti, kitu kingine chenye umami, katika samaki mkavu, na mwaka 1957 mtafiti Mjapani Akira Kuninaka akaonyesha kwamba vitu vya jamii hiyo, ikiwemo guanileti iliyomo katika uyoga mkavu wa shiitake, vikikutana na glutameti havijumlishi ladha tu bali huizidisha mara nyingi. Nyama ina glutameti na inosineti pamoja ndani yake, na ndiyo maana inajitosheleza. Mmea mmoja mara nyingi una upande mmoja tu. Nyanya zako zina glutameti, sosi yako ya soya ina glutameti, lakini hakuna cha kuiinua, na mpishi anaendelea kuongeza chumvi akidhani ndiyo inayopungua.

Dawa yake ni nyepesi. Loweka uyoga mkavu wa shiitake, minne au mitano kwa sufuria ya watu wanne, katika maji baridi tangu usiku. Maji yake uyachuje na uyatumie kama supu ya kupikia, na uyoga wenyewe uukatekate vipande vidogo. Kisha hakikisha kwamba upande wa glutameti nao upo: vijiko viwili vikubwa vya nyanya nzito ya kopo, kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya, na ukiwa na miso, yaani rojo nzito ya soya iliyochachushwa, kijiko kimoja mwishoni. Kwa kiasi hicho hakuna atakayesema mchuzi una sosi ya soya. Atasema tu kwamba umekolea. Chumvi utie baada ya hapo, kwa sababu sosi ya soya na miso tayari zina chumvi nyingi.

Kazi ya pili ni ya moto, na hapa ndipo ninapoona wapishi wa vyakula vya mimea wakipoteza zaidi. Mwaka 1912 Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza jinsi asidi za amino, ambazo ndizo zinazojenga protini, na sukari zinavyoungana zikipata joto. Muungano huo ndio unaozaa rangi ya kahawia na harufu ya vitu vilivyokaangwa au kuokwa, na unakwenda kwa kasi joto linapofika karibu nyuzi 140 za Selsiasi. Maji yanachemkia nyuzi 100 na hayapandi zaidi ya hapo katika sufuria ya kawaida. Maana yake ni kwamba chochote kilicholowa hakitapata rangi mpaka maji yake yaishe, na uyoga mbichi ni maji kwa takribani asilimia 90. Anayeurundika uyoga katika kikaango kidogo anauchemsha katika maji yake mwenyewe, halafu anashangaa kwa nini ni laini, wa kijivu na hauna harufu.

Chukua kikaango kipana, usambaze uyoga kwa tabaka moja, utie maji vijiko viwili au vitatu na uuache juu ya moto wa wastani. Utatoa maji yake, utasinyaa, kisha utasikia mlio ukibadilika kutoka mchemko mzito kuwa mlio mkavu wa kukaanga. Hapo ndipo utie mafuta, na uuache bila kuukorogakoroga mpaka upate rangi ya kahawia upande mmoja. Ukiutoa, kaanga vitunguu katika kikaango hichohicho kwa subira, halafu tia ile nyanya nzito na uikaange mpaka wekundu wake uelekee kahawia na mafuta yaanze kujitenga. Malizia kwa kumimina maji ya shiitake na kukwangua yote yaliyoganda chini, kwa maana hayo ndiyo mali yako. Katika mafunzo ya upishi ninayoendesha huwa ninapika sufuria mbili zenye vitu vilevile kwa vipimo vilevile, moja ikiwa imepitia kikaango na nyingine ikiwa imechemshwa moja kwa moja, na wanafunzi wakionja huniuliza ile ya kwanza nimeiongeza nini.

Uzito wa mchuzi ni jambo gumu zaidi, na sitaki kukudanganya kwamba lina jibu kamili. Sehemu ngumu za nyama zina kolajeni, protini ya kano na ngozi, ambayo ikipikwa muda mrefu hugeuka kuwa jelatini, na jelatini huyeyuka kwa joto linalokaribia la mwili. Ndiyo sababu mchuzi wa nyama unanata midomoni na kisha kuyeyuka mdomoni. Mimea haina jelatini. Wengine hukimbilia agari, inayotokana na mwani, lakini agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85, kwa hiyo ndani ya mchuzi unaotokota ni majimaji tu, na mchuzi ukipoa inameguka badala ya kunata. Ninachokushauri ni kukamata mwili wa mchuzi kwa njia mbili zikisaidiana. Tia konzi moja ya adesi nyekundu tangu mwanzo, zitavurugika zenyewe na kuwa sehemu ya mchuzi. Halafu karibu na mwisho chota upawa mmoja wa mchuzi pamoja na vipande vya mboga au maharagwe yaliyokwisha iva, usage katika blenda mpaka uwe laini kabisa, na uurudishe sufuriani. Ukitumia maharagwe mekundu, yaloweke, umwage maji ya kulowekea, kisha yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika 10 mfululizo kabla ya kupunguza moto, kwa kuwa yana sumu ya asili isiyoharibiwa na joto la chini. Sufuria la umeme la kupikia polepole peke yake halitoshi kwa kazi hiyo.

Kuhusu mafuta nitasema waziwazi. Watu wengi wanaoacha nyama huacha na mafuta siku hiyohiyo, hata bila kukusudia, kwa kuwa wamezoea kuona mafuta yakitoka yenyewe katika nyama. Matokeo yake ni mchuzi ambao viungo vyake vinanukia jikoni lakini havisikiki mdomoni, kwa maana harufu nyingi za viungo huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Vijiko vitatu vikubwa vya mafuta kwa sufuria ya watu wanne si anasa, na ni kidogo kuliko mafuta ambayo nyama ya mchuzi ingeyaacha.

Sasa kitu cha kutafuna, na ukiona nimekiweka mwisho, ni kwa makusudi. Tofu inaweza kufaa ukiigandisha kwanza: barafu inapojitengeneza ndani yake hutoboa vijishimo, na ikiyeyushwa na kukamuliwa inakuwa kama sifongo yenye ukinzani, inayonyonya mchuzi badala ya kuteleza ndani yake. Nyama ya soya, ile mikavu inayouzwa kwa vipande, ichemshe katika maji yaliyokolezwa kwa sosi ya soya na kitunguu saumu, ikamue kwa nguvu, kisha ikaange mpaka iwe na rangi kabla ya kuitia katika mchuzi. Watu wengi huitupa mchuzini ikiwa bado imejaa maji matupu, ndipo wanapolalamika kwamba ina ladha ya karatasi. Seitani, inayotengenezwa kwa gluteni ya ngano, ndiyo yenye utafunaji unaokaribia nyama kuliko vyote, ila haimfai mtu mwenye ugonjwa wa seliaki. Lakini kwa maoni yangu mchuzi wa faraja hauhitaji lazima kitu kinachojifanya nyama. Unahitaji mambo mawili yanayopingana mdomoni, kimoja laini na kimoja chenye ukaidi kidogo, na uyoga mzima uliokaangwa vizuri pamoja na viazi vilivyoiva unalitimiza hilo.

Nikija kwenye makaroni ya jibini, inanibidi nikueleze kwanza kwa nini yamekushinda, kwa kuwa si uzembe wako. Jibini huyeyuka na kuvutika kwa sababu ya kaseini, protini ya maziwa iliyofungamana kwa kalisi, inayolegea kwa joto bila kukatika. Sijaona protini ya mmea inayofanya hivyo sawasawa. Jibini nyingi za mimea zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa mafuta ya nazi na wanga. Mafuta ya nazi huganda kwenye friji na kuyeyuka karibu nyuzi 24, ndiyo maana kipande kinaonekana imara ubaoni lakini ndani ya oveni kinatoa mafuta na kubaki na gundi. Kwa hiyo acha kutafuta kitu kinachovutika kama uzi, na ufuate mambo manne ambayo ulimi uliyapenda katika sosi ya jibini: mafuta, chumvi, umami na uchachu. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Jibini ni maziwa yaliyochachushwa, na sosi isiyo na uchachu, hata iwe laini namna gani, itakuwa na ladha ya uji.

Kwa gramu 400 za makaroni makavu mimi hutumia gramu 150 za korosho mbichi zisizo na chumvi, zilizolowekwa kwa saa nne au kuchemshwa kwa dakika 15. Ninazisaga na mililita 400 za maziwa ya soya yasiyo na sukari, kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa muhogo, vijiko vitatu vikubwa vya hamira lishe (nitaieleza hapa chini), kijiko kikubwa kimoja cha miso nyeupe, kijiko cha chai cha haradali na kipande kidogo cha kitunguu saumu, mpaka nisipohisi chembe nikisugua kati ya vidole. Kisha ninaipika kwa moto mdogo nikiikoroga bila kuacha mpaka iwe nzito na ing'ae. Huo ung'avu, pamoja na mvuto mdogo unaouona ukiinua mwiko, ni kazi ya wanga wa muhogo, ambao una mnato kuliko wanga wa mahindi. Nikishaitoa motoni ninatia maji ya limau vijiko viwili vya chai na kuonja. Sosi peke yake inapaswa kukuonekania imezidi chumvi na uchachu kidogo, kwa kuwa makaroni yataimeza nusu ya nguvu yake. Bakiza kikombe cha maji ya kuchemshia makaroni, kwani sosi huendelea kukaza ndani ya oveni. Juu nyunyiza chenga za mkate zilizochanganywa na mafuta, uoke kwa moto wa nyuzi 200 mpaka zipate rangi. Ile sauti ya kuvunjika chini ya jino ni sehemu ya faraja yenyewe. Kama nyumbani kuna mtu mwenye mzio wa korosho na jamii yake, mbegu za alizeti zilizoloweshwa zinafaa, ingawa rangi yake haipendezi sana.

Hamira lishe niliyoitaja ni hamira iliyouawa kwa joto, ya vipande vidogo vya manjano, wala haiumui kitu. Ina ladha inayoelekea jibini na karanga. Wengi huamini kwamba ina vitamini B12 kwa asili, na imani hiyo ina hatari: vitamini hiyo imo pale tu mtengenezaji alipoiongeza, kwa hiyo soma maelezo ya pakiti. Kwa kuwa ninyi nyote nyumbani mna mwaka mzima bila chakula chochote cha wanyama, ninakuomba uhakikishe kwamba kila mmoja anapata B12 kutoka katika vidonge au vyakula vilivyoongezewa, na zaidi sana watoto kama wapo. Mapishi mazuri peke yake hayatalitatua hilo.

Viazi vya kuponda havihitaji maneno mengi. Siagi ni mafuta kwa takribani asilimia 80, na maziwa ya lozi mara nyingi ni maji karibu yote, kwa hiyo ulipobadilisha krimu kwa maziwa hayo uliongeza maji tu katika viazi. Tumia maziwa ya soya au ya oti, yasiyo na sukari wala vanila, yakiwa ya moto, pamoja na mafuta ya zeituni au majarini isiyo na maziwa kwa ukarimu. Viazi vikishaiva vimwage maji na uvirudishe juu ya moto kwa dakika moja au mbili vikauke. Ponda kwa mkono. Blenda hupasua chembe za wanga na kukupa gundi ambayo hakuna kiasi cha mafuta kitakachoiokoa.

Katika keki, yai nalo lina kazi zaidi ya moja, na ni lazima ujue unaomba ipi. Kwa kushikamanisha, kijiko kikubwa kimoja cha mbegu za kitani zilizosagwa, kikichanganywa na vijiko vitatu vya maji na kuachwa dakika 10, kinasimama kwa yai moja. Kwa povu kuna maji yaliyobaki katika kopo la dengu, zile kubwa za duara zenye ncha. Mfaransa Joël Roessel alionyesha mwaka 2014 kwamba maji hayo hupigika yakawa povu kama ute wa yai, na mwaka uliofuata Mmarekani Goose Wohlt akayapa jina la akwafaba. Vijiko viwili vikubwa ni sawa na ute wa yai moja. Lakini kwa keki ya kawaida ya kakao huhitaji hata kimoja kati ya hivyo: kijiko kikubwa kimoja cha siki kikikutana na kijiko cha chai cha bikaboneti ya sodiamu huzaa gesi ya kutosha kuinua unga vikombe viwili hivi, mradi keki iingie katika oveni mara moja, kabla gesi haijatoroka.

Na kama mtahitaji kitu laini cha kumwagia juu ya keki hiyo, kastadi ya unga imekuwa haina yai tangu ilipobuniwa. Mwaka 1837 huko Birmingham, Uingereza, mtaalamu wa dawa Alfred Bird alitaka mkewe apate kastadi ingawa mayai yalimdhuru. Yeye hakulitafutia yai mfano wake; aliangalia yai lilikuwa likifanya nini katika maziwa ya moto, yaani kuyakaza, akaipa kazi hiyo wanga wa mahindi. Koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa kastadi, pamoja na sukari kiasi unachopenda, katika maziwa baridi kidogo ya soya, umimine katika nusu lita ya maziwa hayohayo yanayokaribia kuchemka, na uendelee kukoroga mpaka yachemke na kukaza. Hakikisha tu kwamba pakiti uliyonunua haina maziwa ya unga ndani yake.